Altezza ya manyuo au Nissan Leaf? Nimeishi na zote mbili Dar, haya ndo niliyoyaona

Altezza yangu ni Toyota, RS200 ya 1999, gia sita za mkono, rangi ya fedha. Kaka yangu aliniachia alipohamia Mwanza 2019 na tangu hapo ndo gari yangu ya kila kitu, kazini, sokoni, shule kwa watoto, misibani. Mwaka huu ikaanza kulia upande wa injini asubuhi ikiwa ya baridi, gia ya tatu ikawa inagoma kuingia mpaka uibembeleze, na shokapu za nyuma zilishakufa siku nyingi. Fundi akanipigia hesabu ya milioni nne na laki mbili kuirudisha kwenye hali yake. Nikakaa na ile karatasi mezani nikaiangalia wee, nikajiuliza hii hela naimwagia kwenye gari ya miaka ishirini na kitu au naiuza ilivyo, naongezea, naingia kwenye gari ya umeme?

Sasa binamu yangu ana Nissan Leaf ya 2014, ile yenye betri ya kilowati saa 24, na alikua anasafiri kikazi wiki tano. Akaniambia dada, we kaa nayo uone mwenyewe, usisikilize maneno ya watu. Nimekaa nayo wiki tano kamili na Altezza ipo hapo hapo nyumbani, siku nyingine naendesha hii siku nyingine ile, barabara ile ile, foleni ile ile. Hivyo ninachoandika hapa sijakisoma popote, nimekiendesha.

Nianze na Altezza maana ndo ninayoipenda, na sitaki mtu aje aseme naiponda kwasababu nataka kuiuza. Hii gari ilitoka Japani 1998 na msimu ule ule ikachukua tuzo ya gari bora ya mwaka kule kwao, nchi za nje ikauzwa kwa jina la Lexus IS200. Zile taa za nyuma zenye viduara ndani ya kioo cheupe zilipendwa mpaka dunia nzima ikaziiga, ukafungiwa taa za staili ile kwenye gari nyingine yoyote zinaitwa taa za Altezza. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi, visahani vidogo ndani ya sahani kubwa. Injini ya RS200 ni 3S-GE, silinda nne, lita mbili, kichwa chake kimesanifiwa na Yamaha, haina turbo lakini kwa gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210, na hizo farasi zote ziko juu kule kwenye mizunguko elfu saba na mia sita kwa dakika. Yani ukiiendesha kivivu ni gari ya kawaida tu, inataka uivute.

Kuna asubuhi moja ya Jumapili nililala kwa dada yangu Upanga nikawa natoka saa kumi na mbili kasoro, jua bado, barabara nyeupe. Ukitoka pale Aga Khan unaingia Daraja la Tanzanite, kilomita moja na kidogo juu ya maji. Nikaweka gia ya pili nikakanyaga. Sindano ikipita elfu sita sauti inabadilika, inatoka kwenye kunguruma inakua kama kitambaa kinachanwa, na unasikia matairi ya nyuma ndo yanakusukuma, yan mgongo unaambiwa kabla ya masikio. Klachi, gia ya tatu (ikagoma kidogo), ikaingia, nikaachia mafuta. Sikufika hata mwendo wa kutisha. Upepo wa bahari unaingia dirishani, nikafika upande wa Coco nikajikuta natabasamu peke yangu. Hicho kitu Leaf hainipi na haitakaa inipe, na mtu asiyewahi kukisikia asikudanganye kwamba hakina thamani.

Ila nilifanya hesabu moja iliyoniuma. Kwa wiki nzima nikajumlisha ni dakika ngapi napata kuiendesha Altezza vile inavyotaka, nikapata kama dakika ishirini. Ishirini! Muda mwingine wote niko kwenye foleni. Naishi Tegeta kazi iko Posta, ni kama kilomita 24 kwenda na 24 kurudi, na asubuhi kuanzia Mwenge kuja Morocco ni klachi, gia ya kwanza, mita tano, breki, klachi, gia ya kwanza, mita tatu, bodaboda imekuchomekea, breki. Klachi ya gari hii sio laini jamani. Ikifika Alhamisi goti la kushoto linaniuma kweli kweli, na saa hiyo AC iko wazi, injini imeshapata joto, jicho langu moja liko barabarani moja liko kwenye sindano ya joto. Nguvu za farasi 210 na tunatembea mwendo wa muuza karanga.

Na kule barabara kuu ambako ungesema basi ndo itafunguka, nenda Morogoro uone. Kila kijiji hamsini, kila kona askari na tochi ya kupima mwendo, faini elfu thelathini, malori mbele yako mpaka Chalinze. Nimeenda kwa wazazi Moro na hii gari mara nyingi sana, na sehemu ambazo niliweza kuifurahia kihalali na kwa usalama ni chache, naweza kuzitaja moja moja.

Leaf sasa. Siku ya kwanza nilipoiwasha nilidhani haijawaka. Taa ndogo tu ya kijani inatokea kwenye dashibodi, unarudisha kile kidude cha gia, unaondoka. Nguvu zake ni farasi 109, nusu ya Altezza na kidogo, lakini hazisubiri mizunguko, zipo pale pale mguu unapogusa, hivyo kutoka kwenye taa za Morocco mpaka kilomita 40 kwa saa unaacha watu. Baada ya hapo inatulia inakua gari ya kawaida. Stelingi haikuambii chochote kuhusu barabara, kwenye kona unasikia uzito wake maana ina kama tani moja na nusu na betri lote liko chini ya miguu yako. Sitaiita gari tamu kuendesha. Ni gari ya kupumzika.

Na kupumzika ndo kitu ambacho sikukitegemea kingenibadilisha mawazo. Foleni ile ile ya Mwenge, injini haipo, hakuna mtetemo, AC inapuliza baridi ile ile ukiwa umesimama dakika kumi, mguu wa kushoto umekaa tu. Ukiachia mafuta gari inajifunga yenyewe na inarudisha umeme kwenye betri, ukiweka ile B ya kwenye gia inajifunga zaidi, breki unagusa mwisho mwisho tu. Wiki ya pili nikagundua nikifika nyumbani jioni sigombezi watoto. Mume wangu ndo aliyeniambia, mi nilikua sijajua.

Hela sasa, maana hapa ndo kuna maneno mengi mtaani. Altezza nilijaza tenki mpaka juu, nikaandika odomita, nikaendesha wiki mbili, nikajaza tena. Kilomita 7 kwa lita. Kwa hiyo siku moja ya kazi nakula karibu lita saba, na kwa mafuta yaliyokua yanachezea elfu tatu lita wakati napima, hiyo ni kama elfu ishirini kila siku inayokuja kwa Mungu. Leaf niliisoma kwenye mita ya LUKU, usiku kabla ya kuchomeka na asubuhi baada ya kuchomoa, nikatoa matumizi ya friji na feni. Safari ya kwenda na kurudi Posta na AC muda wote inanila kama uniti nane na nusu. Elfu kumi ya LUKU inatoa kama uniti 28, piga mwenyewe, ni elfu tatu na kidogo. Elfu ishirini, elfu tatu. Tofauti ni elfu kumi na saba kwa siku, siku 22 za kazi inafika karibu laki tatu na sabini. Ile milioni nne na laki mbili ya fundi ni tofauti ya mafuta ya mwaka mmoja tu.

Angalizo moja ambalo binamu yangu hakuniambia. Kama nyumbani kwako uko kwenye ile bei ya chini ya watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ukianza kuchaji gari utatoka huko, na uniti zako zote za nyumbani, za pasi, za jiko la umeme, zote zinapanda bei. Weka hiyo kwenye hesabu usije ukashtuka.

Kuchaji nikakuambie vizuri kwasababu hapa watu wanaweza kuunguza nyumba. Leaf za Japani zinakuja na waya wake wa kuchajia wenye plagi ya kwao, hapa wanaikata wanafunga plagi yetu ya miguu mitatu. Inavuta karibu kilowati tatu, na inavuta kwa masaa, sio kama birika dakika tano umemaliza. Usiku wa tatu nilichomeka kwenye soketi ya ukutani ya barazani, soketi ya siku zote, nikaenda kulala. Saa nane usiku nimetoka kwenda kuangalia geti nikasikia harufu kama ya plastiki, nikagusa plagi kwa nyuma ya vidole, ilikua ya moto kiasi cha kurudisha mkono. Nilipozima swichi na kuichomoa, mguu mmoja wa plagi ulikua umegeuka rangi, wa kahawia, na tundu la soketi lina duara jeusi limelizunguka. Pale pale nikaacha. Kesho yake nikamuita fundi umeme, akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya mnene, soketi ya viwandani ile ya bluu, erthi akaipima upya na breka yake pembeni. Tangu siku hiyo nagusa kila usiku, vuguvugu tu. Ukinunua hii gari hiyo laini sio anasa, ihesabu kama sehemu ya bei ya gari. Na usithubutu kutumia ekstensheni.

Kwa hiyo moja kwa moja: kama huna pa kulaza gari ndani ya geti lako, au unaishi ghorofani na mwenye nyumba hataki kusikia habari za waya unaoshuka dirishani, Leaf achana nayo kwa sasa. Usitegemee kuchaji mjini. Maisha ya hii gari yanaanzia kwenye soketi yako.

Umeme kukatika je? Katika wiki tano ulikatika usiku mara tatu, mara mbili ukarudi kabla ya alfajiri, mara moja haukurudi kabisa. Siku hiyo nilikua nimebakiwa na asilimia 45, nikaangalia kilomita, nikaichukua Altezza. Kama ningekua na Leaf peke yake ningepanda daladala, ndo ukweli. Nilichojifunza ni kutosubiri ishuke, kila ukirudi unachomeka hata kama iko sabini, kama unavyojaza ndoo za maji siku yanapotoka. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa 2024 hali ya mgao sio ile ya nyuma, nawaombea iendelee hivyo, ila laini za mitaani zinakatika kwa sababu zake nyingine, mti umeangukia nguzo, mvua, transfoma imelia.

Umbali. Leaf ya binamu imebakiwa na vijistari kumi kati ya kumi na mbili, na hivi vijistari ni vile vidogo vya pembeni kabisa kulia kwenye dashibodi, sio vile vikubwa vinavyoonyesha chaji, watu wanavichanganya sana. Vidogo vinaonyesha betri imechakaa kiasi gani. Kwa kumi, mi napata kama kilomita 95 mpaka 100 za mjini na AC. Nikaenda nayo harusi Bagamoyo, kutoka kwangu kwenda na kurudi ni kama tisini. Ukiangalia kwenye karatasi inatosha. Barabarani ni kitu kingine, maana huko gari inatembea themanini na upepo wa mbele, asilimia zinashuka unaziona kwa macho, tumefika ukumbini imebaki 47. Nikamfuata mwenyeji wangu, mama mmoja wa makamo, nikamwambia shikamoo mama, naomba kuchomeka gari. Akaniangalia. Akasema marahaba mwanangu, gari inachomekwa? Nikamuelezea, akaniuliza kwa upole kabisa kama itamalizia LUKU yake na bado kuna friji la vinywaji vya harusi, nikamtumia tokeni ya elfu tano hapo hapo akacheka akanionyesha soketi ya stoo. Nikakaa naigusa ile plagi kila baada ya nusu saa nimevaa gauni la sare. Masaa matatu, tukarudi bila wasiwasi. Ila sio maisha ya kila wiki hayo.

Morogoro kwa Leaf ya 24 usijaribu. Karibu kilomita mia mbili, hapana. Hapa ndo nilidhani Altezza inashinda moja kwa moja, maana wazazi wako kule na lazima niende. Halafu nikakumbuka mara mbili za mwisho nimeenda na SGR, ile treni ya umeme iliyoanza safari za Moro mwezi wa sita 2024, chini ya masaa mawili, nauli ilipoanza ni 13,000. Mafuta ya Altezza kwenda na kurudi ni zaidi ya laki na nusu, kabla ya faini ya tochi. Mama ananipokea stesheni na bajaji. Sababu yangu kubwa ya kushikilia gari ya mafuta ilishaondoka na mi nilikua sijaiona.

Mafundi. RS200 inahitaji fundi anayejua ile injini, sio kila mtu. Taiming belti yake usipobadilisha kwa wakati unatafuta balaa, na kwangu ndo kitu cha kwanza nilichofanya alivyoniachia kaka. Spea zake za injini pale Gerezani na Shaurimoyo zipo lakini ni za kuwinda, leo unaipata kesho hakuna, na nyingi ni za kutoka kwenye gari zilizochinjwa, ambazo zenyewe zina umri kama wa kwako. Altezza ya mwisho kutengenezwa ni ya 2005, hivyo hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka ishirini, bushi, mipira, hozi, vyote vinazeeka pamoja. Ushauri wangu kwa anayetaka Altezza kwa moyo bila stresi: tafuta AS200, ile ya silinda sita ya 1G. Farasi 160 tu, haina ule wazimu wa juu, lakini injini ni familia moja na ya Mark II Grande, na Grande kwa Dar fundi gani haijui, spea ziko kila duka.

Leaf haina oili wala plagi za injini, haina belti ya taiming, haina ekzosi. Kwa wiki tano sikuweka kitu zaidi ya upepo wa tairi na maji ya waipa. Lakini ikipata ugonjwa wa maana mafundi wake wanahesabika, na chini kule kuna nyaya za rangi ya chungwa zenye volti zaidi ya mia tatu, fundi wako wa chini ya mwembe hata kama mnaitana ndugu usimruhusu aziguse.

Kisa kimoja cha betri. Asubuhi moja Leaf imegoma kabisa, haifungui hata milango kwa rimoti, na chaji ilikua mia. Nikachanganyikiwa. Kumbe ina betri mbili, lile kubwa la kuendeshea na hili dogo la volti 12 kama la gari yoyote, na hili dogo likifa, hata hilo kubwa liwe limejaa vipi, gari haiamki. Nikaisogeza Altezza mbele yake, nikatoa waya za kubustia, nikafungua boneti zote mbili. Altezza inanguruma na ule mlio wake wa ugonjwa, kule upande wa pili ka mwanga ka kijani kakatokea. Watoto walikua wamesimama na mabegi yao ya shule wanaangalia, wa kwangu mdogo akasema babu amemwamsha mjukuu. Nimebadilisha lile betri dogo kabla binamu hajarudi, ni bei ya betri ya kawaida.

Vingine haraka haraka. Altezza iko chini, matuta ya Tegeta yanaikwangua tumbo na mvua zikijaa maji sikatizi kabisa, Leaf iko juu zaidi kidogo na inapita matuta vizuri, ila dimbwi usilolijua kina usiingie na gari yoyote. Skrini ya Leaf ni ya Kijapani na haibadiliki lugha, utazoea wapi pa kubonyeza, na redio yake masafa ni ya Japani hivyo stesheni nyingi za huku hazishiki mpaka ufungiwe kidude. Buti ya Leaf ni kubwa, magunia mawili ya mkaa ya mama yaliingia. Kimya chake ni hatari mitaa yenye watu, ina kamlio kadogo ikitembea taratibu lakini Kariakoo nani atakasikia, kuna mama mwenye sinia la ndizi nilisubiri nyuma yake mpaka alipogeuka mwenyewe maana sikutaka kumpigia honi akashtuka.

Sasa kununua. Leaf hainunuliwi kwa rangi, wala kwa kilomita, wala kwa mwaka. Inanunuliwa kwa betri. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, inapoa kwa hewa tu, na joto ndo linaloiua, na sisi joto tunalo mwaka mzima. Hivyo yenye vijistari vinane ukiileta Dar leo utaishia kuiendesha Tegeta na Mbezi tu. Nilienda yadi moja, sitaitaja, wakanionyesha Leaf ya 2013 yenye vijistari vyote kumi na mbili, nikasema mashallah. Binamu alikua ameniachia kile kidude kidogo cha kuchomeka chini ya stelingi kinachoongea na programu ya LeafSpy kwenye simu. Nikachomeka: afya ya betri asilimia 71. Na vijistari kumi na mbili vimewaka! Kumbe kompyuta ya gari inaweza kufutwa kumbukumbu ikaonyesha vyote vimejaa, halafu ukiendesha wiki kadhaa vinaanza kudondoka kimoja kimoja ukiwa umeshalipa. Nikamuuliza kijana wa pale kwa utaratibu, akasema dada hiyo simu yako ndo mbovu. Nikaaga nikaondoka. Nakuomba sana usiende kuangalia Leaf bila hicho kidude, ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili na kitakuokolea mamilioni. Angalia na tofauti kati ya seli, zikipishana sana kuna moduli inakufa, zipo 48 humo ndani na moja mbovu inazivuta zote chini.

Kodi ingia mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla hujampa mtu hela, weka mwaka na modeli, na ukumbuke kodi ya uchakavu, gari ikishavuka miaka nane inaanza kukugharimu. Kwa hiyo kuagiza Altezza kutoka Japani leo sikushauri kabisa, nunua iliyopo hapa hapa.

Uamuzi wangu. Ningekua naishi Iringa au Njombe, barabara ziko wazi, hali ya hewa baridi, safari za mbali, ningetoa ile milioni nne na laki mbili bila kufikiria mara mbili. Ningekua kijana sina watoto naishi chumba kimoja Sinza gari inalala nje, pia ningebaki na Altezza. Ila mi niko Tegeta, nina geti, nina laini ya umeme nimeshaivuta, na siku zangu tano kati ya saba ziko kwenye foleni ya Bagamoyo Road. Naiuza Altezza naenda Leaf. Sio ya 24 lakini, baada ya ile safari ya Bagamoyo natafuta yenye betri ya 40, zile zilizoanza mwishoni mwa 2017, farasi 150, na kwa mizunguko yangu nitachaji hata siku mbili mara moja, umeme ukikatika usiku mmoja sitetemeki.

Altezza nimeshabadilisha shokapu za nyuma maana hizo ni usalama, mengine nauza yalivyo. Kijana wa kwanza amekuja Jumamosi, nikamwashia ikiwa ya baridi makusudi ausikie ule mlio, nikamwambia gia ya tatu inagoma, nikampa na ile karatasi ya fundi aisome. Akakaa kwenye kiti, akashika gia, akaniuliza, dada, ikifika elfu sita inakuaje? Nikamrushia ufunguo, tukazunguka mpaka Bunju na kurudi. Amesema atarudi na baba yake.

Wakala wa Leaf amenitumia picha ya dashibodi yenye vijistari kumi na mbili. Nimemjibu nataka picha ya LeafSpy, na niione tarehe kwenye simu.